Sauti ya Gati na Skrini Nyeusi

Awuor mwanangu,

Wameenda kanisani wote. Nilimwambia Dani, nyanya yako, mgongo umenikaza, akaniangalia kwa lile jicho lake la kujua, akachukua kitabu chake cha nyimbo na kwenda nawe. Basi nimedanganya siku ya Sabato ili nipate nafasi ya kukuandikia ukweli. Ukitaka kucheka, cheka hapo, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu, wala kugawa nauli kwenye mifuko miwili, wala wavulana. Hayo Dani amekulisha wiki nzima, na kwa vile nilivyosikia mkicheka jikoni, kuna mengine umemfundisha wewe. Kesho asubuhi unaondoka Migori kwenda Eldoret kuanza chuo. Kwenye begi lako la mgongoni, chini ya vyeti, kuna diski uliyoifunga kwenye leso ya mama yako. Jumatano tukila uliniambia umempata mtu huko anayefungua diski zilizokufa, na kwamba pesa ulizopata kwa kusuka watu nywele mwaka huu wote umemwekea yeye. Ulisema, "Baba, hata kama ni dakika moja tu ya sauti yake." Nilijibu "Sawa," kisha nikaomba niongezewe ugali.

Hiyo diski haina sauti ya mama yako. Haijawahi kuwa nayo. Ilitoka kwenye kompyuta ya shule fulani, ililetwa kwangu ikiwa imekufa, ikakaa kwenye droo pamoja na nyaya mbovu. Siku uliponiomba ile ya kwetu, nilifungua droo nikakupa hiyo. Umeitunza miaka mitatu. Nimekuona ukiifuta vumbi.

Nimetanguliza hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na hadithi, ningeishia kujitetea, nawe ungefika ukurasa wa mwisho ukinihurumia. Sitaki unihurumie kabla hujajua nilichofanya.

Mama yako Gati alipoambiwa hospitalini kwamba dawa zimefika mwisho, hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikuja studio. Nilikuwa nachapisha vitabu vya mazishi vya mzee mmoja wa Uriri. Alingoja mteja atoke, akaketi kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cha buluu, akafunga kilemba chake vizuri. "Washa kamera," aliniambia. "Leo wewe ni fundi, si bwana yangu. Usinililie hapa."

Alikuja alasiri nne. Siku ya tatu nilimbeba kutoka kwenye pikipiki mpaka kitini, na alikuwa mwepesi hivi kwamba mwenye pikipiki aligeuza uso. Alikuwa anazungumza nawe, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile cha Mjaluo aliyeoa Mkuria wa Isebania, hakina mwenyewe. Alipomaliza siku ya nne alinipa masharti. "Ni ya Awuor, siku atatoka kwa hii nyumba kwenda maisha yake. Usimpatie mbele ya hiyo siku, atalia tu aache kusoma." Ulikuwa kidato cha kwanza. Nilikuambia kuhusu rekodi hiyo baada ya kumzika, kwa sababu ulikuwa huli na sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Kwa hiyo ulijua ipo. Umeingoja siku ya kesho tangu wakati huo.

Niliihamisha kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye diski ya kompyuta, nikaiweka katika folda niliyoiita AWUOR. Kadi nikaifuta, kwa sababu kesho yake nilikuwa na mazishi ya kupiga video. Nilikusudia kuweka nakala ya pili kwenye diski ya nje, ile nyeusi ya kuchomeka. Unajua nilivyokuwa nikiwasumbua wateja kwa jambo hilo. Hakuna aliyetoka dukani kwangu bila kuambiwa picha moja si picha, weka mbili. Kinyozi hajinyoi. Nilikusudia kila wiki, na baada ya miezi kadhaa kukusudia kwangu kuligeuka kumbukumbu, nikawa naamini nimeshafanya.

Mwaka uliofuata, ukiwa kidato cha pili, niliagiza ile kompyuta mpya. Ya zamani ilikuwa inachukua usiku kucha kutoa filamu ya dakika ishirini, na watu wa matanga hawana usiku wa kungoja. Kilichokulisha wewe ni matanga, tuseme ukweli: vitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu, video ya mazishi, na ile filamu fupi ya maisha yake inayoonyeshwa chini ya hema kabla ya mahubiri. Mashine ilikuja kwa basi kutoka Nairobi, ndani yake kukiwa na kadi ya grafiki yenye feni mbili, nzito kama tofali, ile inayotengeneza picha kwa haraka. Niliitoa diski yangu ya zamani pamoja na mfumo wake na kazi zangu zote, nikaifunga ndani ya mashine mpya ili nisianze upya. Nikachomeka waya wa skrini nyuma, pale juu ninapochomeka siku zote. Nikawasha.

Ulikuwepo. Ulikuja kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Nembo ya kiwanda ilitokea, mimi nikapiga makofi, halafu skrini ikawa nyeusi. Haikuzimika, taa yake ndogo iliendelea kuwaka. Feni zilizunguka, kibodi iliwaka, na baada ya muda tulisikia kwenye spika ule mlio wa mfumo kuamka. Hebu fikiria: niliusikia. Mashine ilikuwa nzima, imeamka, inatuma picha. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia mahali zisipotokea.

Nilibadilisha waya. Nikaleta skrini nyingine. Nikachomoa memori nikazisugua meno kwa raba kama tunavyofanya. Nikatoa betri ndogo ya saa, nikairudisha. Nikasema ni barabara, kadi imelegea kwa mirusho ya safari, nikaichomoa. Ilipotoka, picha ikarudi pale pale, safi kabisa, na kazi zangu zote zikaonekana kwenye skrini. Niliirudisha kadi, nikaikaza, giza likarudi. Hiyo ilikuwa Jumamosi jioni jua limeshazama, na Jumapili nzima nikashinda humo.

Sasa nikuulize, rimoti yetu bado imo kwenye nini? Imo kwenye nailoni yake ya dukani, imezeeka nayo. Godoro la wageni lilikaa na nailoni mpaka mjomba wako akakataa kulilalia, akasema linamshtaki kila akigeuka. Ndivyo tulivyo. Kitu kipya hatukivui nguo. Basi ile kadi ilikuja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye matundu yake ya nyuma, na mimi, kwa kuogopa vumbi la Migori, niliviacha. Nilikichomoa na kukirudisha kile chuma mara nne huku vifuniko viko palepale, na sikuona kwamba nyuma yake kuna mahali pa kuchomeka waya. Miaka ishirini nilikuwa nimechomeka skrini pale juu, kwa sababu mashine zote nilizozijua zilikuwa na tundu hilo moja.

Wewe uliona. Jumapili hiyo alasiri umeshavaa sare ya kurudi shuleni, ulipiga magoti nyuma ya meza ukasema, "Baba, hapa chini kuna mashimo zingine zimefunikwa. Si ujaribu hizo?"

Ouma alikuwa ameketi pale, yule mteja wa kisiwa cha Takawiri aliyefiwa na mama yake. Alikuwa ameniletea picha zao za zamani na video tano za simu ambamo mama huyo alikuwa anazungumza, na nilikuwa nimemwahidi filamu kubwa kwa mazishi ya Ijumaa. Nilikuwa nimejisifu kwake kwa mashine mpya hata kabla sijaifungua boksi. Na wewe ukaniambia vile mbele yake. Nilisema, "Mimi nilikuwa natengeneza kompyuta kabla mama yako hajakubeba tumboni. Nenda ukapange sanduku lako." Ulisimama, ukapangusa magoti, ukasema, "Sawa, Baba." Uliondoka bila kunipa mkono. Ouma aliangalia chini. Hata yeye aliona aibu kwa niaba yangu.

Jumatatu asubuhi niliamua ni mfumo wa zamani unaogombana na kadi mpya. Haikuwa akili mbaya sana kwa fundi, hutokea. Dawa yake ni kufomati, kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Mashine iliniuliza, kama inavyomuuliza kila mtu, kama nina hakika, kwa sababu vyote vilivyomo vitapotea. Nilifikiria folda yako. Hilo lazima ulijue, sikukusahau. Nilijiambia, ya Awuor iko kwenye diski ya nje. Diski ya nje ilikuwa kwenye rafu, hatua tatu kutoka nilipokaa, na kuichomeka nihakikishe kungechukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Ningeweza pia kuchomoa kadi, picha irudi, niitazame folda kwa macho yangu na kuitoa. Nilikuwa nimekasirika. Nilibonyeza.

Mfumo mpya ulikubali, picha ikaonekana, nikaimba. Nikaanza kumimina picha na video za Ouma kwenye diski. Kisha nikaweka programu ya ile kadi, na ilipomaliza tu kuingia, skrini ikawa nyeusi vilevile.

Hapo ndipo nilipompigia Odhiambo, fundi mwenzangu wa Rongo, anayetengenezea wanafunzi wa chuo mashine zao za michezo. Ningempigia Jumamosi, hakuna ambacho kingeharibika. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha siku mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Omera, ndugu yangu," aliniuliza, "waya ya skrini umechomeka wapi?"

"Kwa mashine. Wapi tena?"

"Kwa mashine ama kwa kadi?"

Nilisimama, simu ikiwa sikioni. Nilienda nyuma ya meza, nikapiga magoti pale ulipopiga wewe. Nilitoa kifuniko kimoja kwa ukucha, nikachomeka, na nilipoinua kichwa nikaona skrini imejaa rangi. Odhiambo alikuwa anacheka kwenye simu, bila ubaya, akisema watoto wa chuo humletea hiyo kila muhula. Nilimshukuru nikakata. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ulikuwa umesema kweli. La pili ni diski ya nje. Niliichukua kwenye rafu nikaichomeka, nikatafuta folda yenye jina lako. Nilitafuta mara tatu, kana kwamba diski inaweza kubadili nia. Haikuwepo.

Nikuambie sasa mambo ya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye kosa langu, na si pale unapodhani. Diski ikifutwa vile, vitu haviondoki mara moja. Vinabaki, ila diski inavihesabu kama nafasi tupu, na ukiandika kitu kipya kinakaa juu ya vile vya zamani. Fundi yeyote anajua cha kufanya: zima mashine saa hiyohiyo, chomoa diski, usiandike hata herufi, mpelekee anayejua. Nimewaambia hivyo watu wengi. Mama yako alikuwa bado yumo mle ndani Jumatatu saa nane mchana, karibu mzima.

Diski nyingine zilikuwa zinauzwa duka la tatu kutoka langu. Nilisimama kabisa nikavaa viatu. Lakini ningelazimika kuweka mfumo mara nyingine, kuweka programu zote, kumimina vya Ouma upya. Nusu siku. Na wakati nimesimama hivyo mlangoni, Ouma akapiga simu. "Fundi, watu wa nyumbani wanauliza kama hiyo filamu itafika Ijumaa ama wasingoje."

Nilimwambia, "Itafika."

Nikavua viatu, nikaketi, nikaanza kazi. Nilijiambia kilichopotea kimepotea, maji yakimwagika hayazoleki, mithali zote za watu waoga nikazikumbuka. Kwa siku tatu niliandika juu ya mama yako nikijua ninachofanya. Kosa la asubuhi ningeweza kukuambia, ungelia, tungelia wote. La mchana ndilo lililonifunga mdomo. Nilikuuza kwa nusu siku, Awuor, ili mtu wa Takawiri asinione si fundi.

Filamu ilitoka nzuri. Ijumaa nilivuka kutoka Mbita na televisheni kubwa nimeifunga kwa blanketi, tukaiweka chini ya hema, jenereta nyuma ya nyumba. Yule mama alipotokea akizungumza, sauti yake ikatoka kwenye spika za kanisa, watu walinyamaza kabisa, hata waliokuwa wanachinja. Alikuwa anamkemea mjukuu aache kukanyaga dagaa zilizoanikwa, basi. Hakuna la maana alilosema. Wanawake waliinama wakalia. Dada yake Ouma alinifuata nikikunja nyaya, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umenirudishia mama yangu," alisema. "Mungu akubariki na watoto wako." Nilisema amina. Nilienda nyuma ya nyumba karibu na jenereta, mahali hakuna mtu angenisikia, nikalia mpaka wakaniita kula.

Muhula ulipokwisha ukaja nyumbani, na siku ya pili tu ukaniuliza kama rekodi iko salama, kwa sababu ulikuwa umesikia msichana shuleni amepoteza picha zake. Nilikuwa na jibu tayari. Nilisema stima ilipotea ikarudi kwa nguvu, diski ikaungua. Ulisema, "Si kosa lako, Baba." Ukanipapasa bega. Umri wa miaka kumi na sita, unanifariji mimi. Ungenitukana ningekiri siku hiyo. Halafu ukaomba upewe hiyo diski iliyoungua uitunze, na mimi nikafungua droo.

Ile ya kweli iliendelea kufanya kazi. Nimeijaza matanga ya Nyatike, ya Ndhiwa, ya Awendo, nikafuta, nikajaza tena. Wewe mwenyewe uliitumia kujaza fomu zako za chuo. Mwaka mmoja baadaye, duka limefungwa, nilijaribu kuitafuta ile rekodi kwa programu za kufukua. Zilileta majina manne ya faili, yote manne, ya alasiri zote nne. Matatu yalikataa kufunguka. La nne lilifunguka, likacheza sekunde chache. Lilikuwa kwaya ya akina mama wa kanisa fulani wakitembea nyuma ya jeneza, na sikumtambua hata mmoja wao. Nilizima. Sikuwahi kujaribu tena.

Nimejiuliza kwa nini nakuandikia leo, si mwaka jana. Jibu si zuri. Ungekuwa huna mpango wa kumlipa mtu, huenda ningekuacha uzeeke na ile diski ya shule, na ningeendelea kukuita mtoto mwenye moyo wa kukumbuka. Uongo una kazi nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kila ulipoifunua leso nilitoka nje kutafuta kitu. Kila mwaka siku ya mama yako ulipoiweka mezani karibu na picha yake, nilijifanya nasali nikiwa nimefumba macho, ila nilikuwa nimefumba tu. Umeniona baba mkimya, mwenye hasira za karibu. Kabla ya hapo sikuwa hivyo sana. Muulize Dani.

Huko uendako utakosea. Hilo halinitishi, wewe si mzembe. Kinachonitisha ni kwamba una damu yangu, na mtu wa damu yangu akikosea huvua viatu akaendelea na kazi. Ukijikuta siku moja umesimama mlangoni hivyo, hujui utoke au ukae, toka. Hata kama umeshachelewa. Mimi nilidhani nimeshachelewa, kumbe nilikuwa na mchana mzima.

Na ukimwambia mtu kitu cha kweli akakufukuza kwa sauti kubwa, usidhani ulikosea. Ulikuwa sahihi ukiwa umepiga magoti na sare yako. Nilipaswa kukuambia hivyo jioni ileile kwa simu ya mwalimu. Samahani. Nimeliandika neno hilo nikaona ni dogo, lakini sijui lingine.

Leo asubuhi nimeifungua mashine nikaitoa diski. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ukitaka mpelekee mtu wako wa Eldoret, lakini mwambie kwanza yote niliyoandika hapa, na akisema hapana, mwamini. Ninavyojua kazi hii, hakuna kilichobaki. Ile ya shule itoe kwenye leso. Leso ni ya kweli.

Kitu kimoja ninacho, nacho ni kidogo. Nilikuwa nyuma ya kamera alasiri zote nne. Nitaandika ninayoyakumbuka na sitaongeza. Nitakapofika mahali nimesahau, nitasema nimesahau. Nimekwisha kukujazia pengo mara moja, inatosha.

Alianza, "Awuor, kama unaniona basi umetoka. Kaa chini kwanza, usisimame kama mtu anangoja gari."

Alisema, "Ile siku nilikuchapa juu ya viatu, haikuwa viatu. Nilikuwa nimetoka hospitali."

Alisema usikubali mtu anayekununia siku tatu, hata awe na kazi nzuri.

Alisema, "Baba yako si mtu mbaya, ni mtu wa haraka. Mtu wa haraka muulize kitu mara mbili."

Alisema kitu kirefu kuhusu mama yake na ng'ombe aliyeuzwa ili yeye asome. Nimesahau jinsi kilivyoisha.

Siku ya tatu aliimba. Nimesahau wimbo. Nakumbuka tu alikatika katikati akaomba maji, akasema nisiikate sehemu ya maji, uone kwamba alikunywa.

Siku ya nne alisema, "Sasa nimemaliza Kiswahili." Akasogea mbele kwenye kiti, akakuambia mengine kwa Kikuria. Yalikuwa kama dakika mbili. Alicheka mara moja, akalitaja jina lako mara mbili, na mwisho alishusha sauti kama mtu anayemwambia mtoto siri. Sikuelewa hata neno. Nilikuwa nashika kamera, naangalia kama mwanga unatosha. Alipomaliza sikumuuliza alichosema, kwa sababu nilijua siku ikifika wewe, unayekijua Kikuria, utakuja kuniambia.

Mtakapotoka kanisani nitakupa bahasha hii mkononi mwako, kisha nitakaa kwenye benchi nje. Sitaondoka hapo.

Baba yako